Alistidia na Mabati ya Kagoma

Mvua ya Bukoba haipigi hodi. Unaona jua, unaona ziwa limetulia kama limelala, ukigeuka kuchagua nyanya, imeshakumwagikia. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile pale soko kuu. Akina mama wanafunika dagaa kwa nailoni, bodaboda wanakimbilia vibarazani, mtu na kuku wake wanagombea kona moja. Katikati ya fujo hiyo binti mmoja anatembea polepole, hana haraka na mtu, bati kichwani. Bati zima, siyo kipande.

Huyo ndiye Alistidia, fundi cherehani wa Hamugembe. Alikuwa na gauni la kitenge rangi ya chungwa, limemkaa kiunoni vizuri, mikono ya gauni imevimba kidogo kama mkate. Kalishona mwenyewe. Miguuni raba nyeupe, sasa nyekundu kwa tope. Na shingo imesimama, maana bati likiwa kichwani huwezi kuinama hata ukitaka.

Mjukuu wangu Mwesiga alikuwa anapita na shati jeupe limepigwa pasi, anakwenda kikao cha harusi ya rafiki yake. Mvua ilipomfumania akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona bati linatembea. Akaingia chini yake.

"Dada, nisitiri kidogo, tafadhali waitu."

"Hili bati siyo hoteli."

"Hata hotelini hawamfukuzi mtu mvua ikinyesha."

"Hotelini wanalipa. Wewe umelipa nini?"

"Nitashika upande huu. Uzito nusu kwa nusu."

Wakatembea hivyo, binti mbele kidogo, yeye nyuma kidogo. Haukupita muda Mwesiga akaruka. Maji yamemwingia shingoni, yameshuka mpaka kwenye mkanda.

"Mawe, mama wee! Mbona linavuja?"

"Linavuja, ndiyo. Wewe umekaa chini yake dakika moja unapiga kelele. Mama yangu kule kijijini Kagoma analala chini yake."

"Sasa unalipeleka wapi?"

"Kwa waliotuuzia. Kila Jumamosi nabeba moja, nasimama nalo mlangoni kwao wateja walione. Wananiita kichaa. Na mimi nasema sawa, kichaa amekuja."

"Wao wanasemaje?"

"Ati kosa ni la fundi aliyeezeka. Alipigilia vibaya. Na huyo fundi nikimkamata, haki ya Mungu, nitampigilia yeye."

"Anaitwa nani?"

"Mama anasema anaitwa Mwesiga. Mrefu mrefu, hodari wa kucheka."

Mjukuu wangu akaacha kucheka. Akasimama. "Basi anza na huu mkono," akasema, "maana ndiye mimi."

Alistidia aliachia bati. Likaanguka kwenye lami kwa kishindo, soko zima likageuka. Wakabaki wawili wanaloa, wanatazamana, shati jeupe limeganda kifuani na kitenge cha chungwa kinachuruzika.

"Wewe?"

"Mimi. Misumari niliweka vizuri, twende hata leo ukaangalie. Ila nikuambie ukweli. Nilipopanda juu, bati lilibonyea chini ya goti. Limeandikwa geji ishirini na nane, lakini lilibonyea kama karatasi."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ni mimi nimenenepa."

Alistidia hakutaka kucheka. Alikaza midomo, akaangalia pembeni kwenye nyanya za watu. Lakini cheko likamtoka puani, na cheko likishatoka puani, mambo yote yamekwisha. Kikao cha harusi ya rafiki Mwesiga hakufika. Alibeba bati upande mmoja mpaka mlangoni kwa ile kampuni, wakasimama nalo pamoja mpaka wanafunga.

Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wana mawakili, na mimi shule yangu iliishia mlangoni. Ila Kagoma walikuwa wameuza nyumba kwa nyumba. Walikuja na gari lina spika, wanacheza muziki, wanasema paa la maisha. Watu wakauza kahawa, wakauza mbuzi, wakatoa nyasi na mabati ya zamani, wakaezeka. Masika mawili tu, kutu. Ukilala unaona nyota kupitia bati, na mvua ikija unahamisha kitanda kama mtu anayecheza bao. Hata Mwesiga mwenyewe alikuwa ameezeka kwa mabati hayo hayo nyumba yake ya Nshambya, nyumba ya vyumba vitatu aliyojenga tofali kwa tofali akisema ni ya mke atakayekuja. Mke alikuwa bado. Kutu ilimtangulia.

Tangu siku ile simu zikaanza. Mimi chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo nilisikia upande mmoja, na upande wa pili waliniambia wenyewe baadaye.

"Umekula?" Mwesiga anaanza.

"Ndizi na maharage. Na wewe?"

"Nimekula mawazo."

"Yana chumvi?"

"Yamekosa mchuzi tu. Ungekuwepo ungenichotea."

"Mwesiga, mimi leo nimeshinda ofisi ya serikali nimekaa kwenye benchi, mgongo unaniuma, halafu wewe unaniletea mchuzi."

"Wamesemaje, kipenzi?"

"Njoo kesho. Jana pia walisema njoo kesho. Yule afisa wa vipimo yuko semina."

"Semina gani haiishi?"

"Labda anasomea upadri."

Wanacheka. Halafu sauti ya Alistidia inabadilika, anasema, "Lakini nitarudi. Mimi siendi kuomba pale. Mama yangu alinunua. Mtu akinunua bati la geji ishirini na nane apewe geji ishirini na nane. Mbona ni jambo dogo hivyo?"

"Ni dogo ndiyo maana wanaona aibu kulifanya."

Hivyo ndivyo walivyopendana, katikati ya mabati. Jumamosi wanasimama mlangoni kwa kampuni, Jumapili baada ya misa wanapanda gari za Muleba wanakwenda Kagoma, wanapita nyumba kwa nyumba kuhesabu mapaa mabovu. Mama yake, Consolata, alimwona Mwesiga kama fundi tu. Alimpa kiti, alimpa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, lakini la mapenzi hakuambiwa. Mwesiga hakuwa ametuma wazee bado, na kwetu mambo hayo hayasemwi njiani.

Kampuni ilipoona Kagoma wamekuwa kitu kimoja, ikaleta akili. Meneja wao wa Bukoba, Kagaruki, akaanza kupita kwa watu mmoja mmoja. Mtu mtanashati, suti ya bluu, viatu vina ncha, manukato yake unayasikia kabla hujamwona. Anasema, "Mzee, wewe nitakupa mabati mapya. Weka dole gumba hapa kwamba huna dai, na mwenzako usimwambie." Wengine wakaweka dole. Mtu ana wajukuu wanalowa, utamlaumu? Lakini kila aliyeweka dole, kundi linapungua, na Alistidia alijua likipungua sana, waliobaki hawatasikilizwa na mtu.

Siku moja Kagaruki akamkuta Mwesiga pale Hamugembe, akamfungulia mlango wa gari lake jeupe. "Fundi, ingia tuongee."

Humo ndani kuna kiyoyozi na muziki wa taratibu. "Wewe ni kijana wa kazi," Kagaruki akasema. "Kubali tu kwamba misumari ulikosea. Binadamu hukosea. Mimi nitakuezekea nyumba yako upya, na kazi zote za kampuni mkoa huu zitakuwa zako."

"Na watu wa Kagoma?"

"Watakulaumu mwezi mmoja, watasahau."

"Nishushe hapo mbele, bwana meneja."

"Fikiria kwanza."

"Nishushe."

Akashuka. Lakini mwenye bodaboda mmoja alimwona akishuka, na kabla jua halijazama habari imefika Kagoma kwamba fundi wao anaendeshwa kwenye gari la meneja.

Jumapili kikao kikafanyika uwanjani kwa Consolata. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Alistidia alivaa gauni jeusi la kola nyeupe, kama mtu anayekwenda kupigana. Habari ya gari alikuwa ameisikia, lakini alimwangalia Mwesiga mara moja tu, akasema moyoni, huyu namjua, atanieleza mwenyewe.

Mzee Kamugisha, mwenyekiti wao, akasimama na sahani ya kahawa.

"Waitu, ndugu zangu," akasema, "tunaibiwa mmoja mmoja kwa sababu tumekaa mmoja mmoja. Zamani watu wakitaka kutoachana walikula omukago. Punje moja ya kahawa ina buni mbili. Moja kwako, moja kwa mwenzako. Damu siku hizi hatuweki, magonjwa ni mengi. Lakini tukimeza tumemeza. Kila mtu na aliye karibu naye."

Sasa hapa nisimame kidogo. Nyie mlioko mbali mnaweza msijue. Mgeni akija kwetu tunampa kahawa atafune, hiyo ni heshima tu, haina neno. Ila ile ya kugawana punje moja ni nyingine. Mkila hiyo mmekuwa ndugu wa tumbo moja. Mtoto wake ni wako, msiba wake ni wako, na kuoana hamuwezi tena, ni mwiko, kama kaka na dada. Mwesiga nilimlea mimi, niliyamwaga haya yote masikioni mwake akiwa mdogo, hata nilipokuwa nimelewa. Alistidia alikulia kwa shangazi yake Mwanza. Yeye alijua ile ya wageni. Hata maneno ya mwenyekiti aliyasikia kama hotuba ya kuwatia watu moyo.

Na aliye karibu na Alistidia alikuwa nani? Mwesiga.

Akamenya punje, akabaki na buni moja, ya pili akainyoosha kwenye kiganja, mbele ya watu wote.

"Chukua."

Mwesiga akaiangalia. "Siwezi."

"Huwezi nini? Kahawa?"

"Hii siwezi kula. Na wewe usiile."

Halafu mtu kutoka kwenye migomba akapaza sauti, "Ataila vipi? Ameshashiba kwa Kagaruki!"

Watu wakacheka, cheko baya lile lisilo na furaha. Alistidia mkono wake bado umenyooka, buni iko kiganjani. "Mwesiga. Sema sababu. Sema tu, mimi nitakuamini."

Mwesiga akamtazama Consolata ameketi mkekani na akina mama wenzake. Akamtazama Mzee Kamugisha. Aseme nini? Aseme kwamba nampenda binti wa huyu mama, nataka kumwoa, hajui mtu? Mbele ya kijiji, bila mzee hata mmoja nyuma yake, siku watu wanalilia mapaa?

"Sababu ninayo," akasema. "Lakini siyo ya kusema hapa."

"Basi na wewe siyo wa kukaa hapa," Alistidia akasema. "Ondoka."

Akaondoka, akapita katikati ya watu, hakuna aliyempisha. Buni ile Alistidia akamgeukia bibi mmoja jirani, Edvina, wakagawana. Akatafuna bila kusikia ladha yoyote. Kabla ya kuachana wakakubaliana Jumanne washuke wote mjini, kila mtu na bati lake.

Tangu hapo simu haipokelewi. Mwesiga anapiga, inakatwa. Anapiga tena, haiiti kabisa. Nikamwambia, "Wewe mjinga, si umwambie tu?" Akasema, "Babu, amenibloku." Mimi sikujua kubloku ni ugonjwa gani, lakini uso wake ulinitosha.

Kesho yake asubuhi Alistidia alikuwa bado Kagoma, anamenya ndizi na mama yake jikoni, kisu kinakwenda kwa hasira mpaka ndizi zinakatika.

"Unaua ndizi," Consolata akasema.

"Nimechoka, mama."

"Na yule fundi. Mimi sikuelewa. Kijana mzuri vile, hata rubisi anamaliza. Hivi ile kahawa, kwa nini ulimpa yeye? Ulitaka mgawane punje moja, wewe na yeye?"

"Si ndivyo mlivyosema? Aliye karibu."

Consolata akaacha kumenya. Akamwangalia binti yake, kwanza machoni, halafu mikononi, kwa namna mama anavyoangalia. "Alistidia. Kati yako na huyo kijana kuna kitu?"

Ndizi ikamponyoka.

"Kumbe!" Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, ulitaka kumfanya kaka yako! Angekula ile kahawa, hata kukushika mkono asingeweza. Mbele ya kijiji kizima ulikuwa unajifungia mlango, na yeye akakataa kukusaidia kuufunga. Nao watu wakamtukana!"

Alistidia alitoka jikoni mbio, mikono imejaa utomvu wa ndizi, akatafuta simu. Simu ya Mwesiga ikaita, ikaita. Niliipokea mimi.

"Halo! Nani?"

"Mwesiga?"

"Mwesiga yuko juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya nyumba yake. Anaing'oa."

"Anang'oa nini, babu?"

"Mabati, mjukuu wangu. Yote. Hajala tangu jana. Nimemuuliza amepatwa na nini, anasema kesho naye anakwenda mjini. Nimpe ujumbe gani?"

"Hapana, babu. Mwache afanye kazi yake. Nitamwambia mwenyewe."

Kesho hiyo Kagoma walishuka Bukoba, kila mtu na bati moja kichwani. Wazee, akina mama na watoto mgongoni, wote kimya. Walipofika mbele ya duka la kampuni wakayaweka chini mabati, moja juu ya jingine, na mlio wake ulisikika mpaka sokoni. Wenye maduka wakatoka. Wanafunzi wakasimama. Alistidia alivaa lile gauni la chungwa, kilemba kimefungwa juu, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

Kagaruki akatoka na kipaza sauti, suti haina kunyanzi. "Ndugu wateja, kampuni inawapenda. Lakini ukweli lazima usemwe, kosa ni la fundi. Muulizeni. Yuko wapi? Mbona leo hayupo? Amekimbia."

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine wakamtazama Alistidia. Yeye akasimama.

"Hajakimbia," akasema. "Atakuja."

"Unajuaje?"

"Namjua."

Fuso ilikuja polepole, inapiga honi. Juu yake mabati yamejaa, na juu ya mabati amekaa Mwesiga, shati limechanika begani, mikono imekatwakatwa. Alipofika akafungua bodi ya nyuma, yakamwagika yote barabarani.

"Hii ni nyumba yangu ya Nshambya," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Niliiezeka mwenyewe, niishi na mke wangu na watoto wangu. Njooni mwone kutu. Ni ile ile ya Kagoma. Sasa nawauliza, kuna fundi anayepigilia vibaya nyumba yake mwenyewe?"

"Fundi, kwenye gari uliniambia…" Kagaruki akaanza.

"Kwenye gari nilikuambia unishushe. Waambie na ulichoniahidi. Au niwaambie mimi?"

Hapo watu waliunguruma. Walikuwa wengi mno, mpaka yule afisa wa vipimo aliyekuwa semina siku zote akaonekana, nadhani kelele zilimfikia dirishani. Akaja na kifaa chake. Akabana bati la kwanza, akasoma kimya kimya.

"Sema kwa sauti," Alistidia akamwambia. "Wa nyuma hawakusikii."

"Geji thelathini na mbili."

"Limeandikwa ngapi?"

"Ishirini na nane, nene kuliko hili."

"Pima jingine."

Akapima jingine, na jingine, Alistidia anamwonyesha kwa kidole, hampi nafasi ya kujifuta jasho. Yote yale yale. Duka likafungwa siku hiyo hiyo kwa amri, na Kagaruki akaanza kupiga simu kwa wakubwa zake, anatembea huku na huku, viatu vyenye ncha vimeingia tope. Mchana akarudi akasema kampuni itabadilisha mapaa yote ya wenye madai.

"Na walioweka dole gumba?" Alistidia akauliza.

"Hao walishakubali."

"Walikubali kwa sababu mliwadanganya. Mapaa yote, bwana Kagaruki, ya waliosaini na wasiosaini. La sivyo tunalala hapa, na kesho wanakuja wa Kamachumu, nao mliwauzia."

Akapiga simu tena. Alipokata, akaitikia kwa kichwa. Alistidia akamwambia aseme kwa mdomo, na afisa akiwa pale pale. Akasema.

Watu walipoanza kushangilia, Alistidia alikwenda kwenye Fuso. Mwesiga amekaa kwenye bodi, ananyonya kidole kilichokatika.

"Nipe huo mkono," akasema. Akachana kitambaa cha kilemba chake, akaufunga. "Mama ameniambia."

"Amekuambia nini?"

"Kuhusu kaka niliyekuwa najitafutia."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema kaka ninao wa kutosha. Nisamehe, mpenzi."

"Ningekuambia. Uliniziba."

"Nimekufungua tangu jana. Wewe ndiye hukushuka juu ya nyumba."

Wakacheka, na machozi yapo. Halafu Mwesiga akakunja uso. "Ila Alistidia, sasa sina nyumba. Wataanza Kagoma, na mimi Nshambya nitakuwa wa mwisho. Labda tusubiri mpaka waezeke."

"Tusubiri?" Akasimama, mikono kiunoni. "Mimi nimesubiri kwenye mabenchi ya ofisi, nimesubiri mlangoni kwa Kagaruki, na wewe pia unataka nikusubiri? Jumapili leta wazee."

"Jumapili hii?"

"Kwani una semina?"

Tukaenda. Mimi nilivaa koti langu la kanisani. Kwa Consolata palikuwa bado panavuja, maana binti yake alisema wajane wengine waezekewe kwanza, na mvua ya Muleba haikutuonea haya. Sufuria zilikuwa zimepangwa sakafuni katikati yetu, tunazungumza mambo ya ndoa huku matone yanadondoka, tonk, tonk, kila mzee anasogeza kiti chake kwa adabu kama vile hakuna kitu. Wakamwita Alistidia, akaja, akapiga magoti, amevaa gomesi ya kijani ya mama yake.

Mzee Kamugisha akamuuliza, kama inavyoulizwa, "Binti, hawa wageni wamekuja na kijana wao. Huyu unamjua?"

Akainua uso, akamtazama Mwesiga, akatazama na paa linalovuja.

"Namjua," akasema. "Ndiye fundi wetu. Na kazi hajamaliza."